Posa ya Maulid Palmer

Kwanza ieleweke kwamba ushenga si kazi yangu. Kazi yangu ni suruali za jinzi na sare za shule, ninanunua Guangyuan Xilu, huku Guangzhou, China, na kupeleka Kariakoo, na anayetaka kujua Chausiku ni nani akaulize Mtaa wa Kongo. Ushenga nimetwishwa. Mama yake Maulid alinipigia simu kutoka Tanga, mtu ambaye tuliachana tungali tunasukana nywele barazani, akaniambia mwanangu kapata mchumba huko kwenu na hana mtu mzima wa kumsemea. Huko kwetu, ati. Kana kwamba mimi nilizaliwa Guangzhou nikafungwa kwenye kiroba kusubiri kontena.

Maulid mwenyewe simlaumu. Ni kijana wa kargo hapa mtaa wa Xiaobei, anafunga mizigo ya watu, ana adabu, anasali, na mkono wa shati lake haukosi kipande cha gundi, ile ya utepe wa kufungia maboksi. Alikuwa akienda kufunga miswala dukani kwa Alhaji Gharib. Ilham, binti wa Alhaji, anasomea udaktari chuo kimoja cha hapa hapa, na akitoka darasani hupita dukani kumsaidia baba yake kusema na Wachina. Wakapendana hivyo hivyo, mmoja kashika gundi, mwingine kashika mkasi. Mambo yalikuwa safi mpaka siku niliyokwenda kuposa, nikalitaja jina la kijana lote kwa ukamilifu wake, Maulid Yusufu Palmer.

Alhaji Gharib ni mtu wa Unguja. Anauza miswala, tasbihi na kanzu ghorofa ya tatu, katika jengo la maduka ya jumla ambalo nusu ya Afrika imeshapanda lifti zake. Kanzu yake haina kunyanzi hata mwezi wa saba, wakati sisi wengine tunatota jasho mpaka kope. Aliposikia lile jina aliweka kikombe chini.

"Palmer ndiye nani?"

"Babu yake," nikasema.

"Babu yake Mzungu?"

"Mdigo."

"Mdigo gani anaitwa Palmer?"

Swali lilikuwa la haki na jibu sikuwa nalo. Kwetu jina la tatu ni la babu, na babu akiitwa Sijaona, akiitwa Kombo, akiitwa Mashaka, watu wanaandika tu na maisha yanaendelea. Hakuna anayekaa akahoji. Gharib ndiye wa kwanza kuniuliza, na aliuliza kwa sauti ile anayotumia akishikishwa kitambaa asichokiamini.

"Binti yangu ni Ilham Gharib Alhaji," akasema. "Ukoo wangu unajulikana. Leo wajukuu zangu waitwe Palmer, kama sabuni ya kuogea?"

Nikafanya kazi ya mshenga, ambayo ni kupamba. Nikamwambia Palmer ni ukoo mkubwa kule Uingereza, watu wa farasi na mashamba, wenye jumba la mawe lenye bata bwawani. Bata sijui walinijia kutoka wapi. Lakini nikiona mtu ananitazama kwa dharau ulimi wangu haujui breki, na Gharib alikuwa ananitazama kwa dharau.

"Vizuri," akasema. "Bidhaa bora huja na cheti chake. Niletee asili ya hilo jina, Bi Chausiku, kwa mtu aliyesoma, siyo porojo. Lete Ijumaa baada ya sala. Likiwa jina la heshima nampa mtoto. Likiwa la ovyo, kuna watu wa Muscat wameshauliza, na wao najua wametoka wapi."

Nyuma ya marobota nikasikia mkasi umeanguka. Ilham alikuwa anasikia kila neno.

Nikashuka ngazi nimechemka, nikamkuta Maulid chini anafunga mashine ya kusaga kokoto. Nikamwambia nieleze, na unieleze yote. Akanieleza, na yote yenyewe ikawa ndogo kuliko kijiko. Babu yake, Yusufu, alikuwa boi kwenye shamba la mkonge. Shambani akina Yusufu walikuwa wamejaa. Kulikuwa na Yusufu Mrefu, Yusufu wa Mashine, na huyu aliyekuwa anapika nyumbani kwa mwenye shamba, Mwingereza aitwaye Palmer, kwa hiyo akawa Yusufu wa Palmer. Lile "wa" likachakaa njiani, na Maulid alipoandikishwa shule wakamwandika kwa jina la babu lote, la baba wakaliruka. Mzungu alipoondoka zake aliacha kitanda cha chuma na jina.

"Ndiyo hivyo tu, shangazi," Maulid akasema.

"Hivyo tu? Mimi nimeshakupa farasi. Nimekupa mpaka bata."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia Ilham akiolewa Muscat yeye hataweza kukaa mji huu tena, kila duka la miswala litamkumbusha. Alisema hivyo huku anavuta gundi kwa meno, wala hakunitazama. Nikamhurumia mtoto wa watu. Nikasema basi, huyo Palmer tutamfukua.

Wa kumfukua nilikuwa naye. Gaudence ni Mhaya wa Bukoba, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima, yuko hapa kwa ufadhili anasomea uzamivu wa historia. Mfadhili anampa kitanda na vitabu, tumbo ananiachia mimi. Kila Jumapili akitoka kanisani anakuja kwangu kula pilau, anakula kama anayehama nchi, halafu anashukuru kwa Kiswahili cha hotuba. Nikamwambia Jumapili hii pilau ina kazi yake. Akaandika "Palmer" kwenye kiganja, akaondoka, na katikati ya wiki akarudi anang'aa.

"Mama, hili ni jina zuri sana," akasema, kabla hajakaa. "Palmer ni mtu wa tawi la mtende. Zamani za kale, Wazungu wangali wanakwenda Yerusalemu kwa miguu na kwa jahazi, Mwingereza akienda kuhiji huko alirudi na tawi la mtende, liwe ushahidi kwamba kafika. Anaingia kijijini kwao, na akina John wamejaa kijijini, huyu mhunzi, huyu mwokaji. Basi yeye wakamwita John Palmer, John aliyekwenda kuhiji. Akazaa, na mtoto wake, ambaye hajavuka hata mto wa kijijini, naye akaitwa Palmer. Majina mengi ya Waingereza yamezaliwa hivyo, kwa watu kutaka kutofautisha John na John."

"Kama Yusufu na Yusufu."

"Sawasawa kabisa."

"Gaudence, ngoja. Unaniambia Palmer ni Alhaji?"

Akafikiri. "Kwa namna fulani, ndiyo."

Nilitaka kumbusu, Ukatoliki wake na yote. Nikamjazia sahani tena. Yeye akainua kidole, akasema lakini mama, kuna upande wa pili wa jambo hili. Nikamwambia upande wa pili uuache hosteli. Ijumaa utasema tawi, utasema kuhiji, utasema heshima, halafu utanyamaza unywe kahawa. Akasema sawa, ila kwa shingo upande, na mimi nilipaswa kuiogopa ile shingo.

Alipoondoka nikabaki jikoni nacheka peke yangu, na sababu ya kicheko naomba niiseme sasa, maana mbele sitapata nafasi.

Kabla hajawa Alhaji, Gharib alikuwa Gharib tu. Mwaka mmoja, Ilham angali mtoto hajaanza hata shule, mimi na yeye tulipeleka mzigo Jeddah, yeye miswala, mimi mitandio, kontena moja, tukawauzie mahujaji. Kontena likashikwa bandarini. Siku za Hija zikaingia, Jeddah yote imevaa ihramu, na Makka iko pale pale, ni kupanda gari ukasinzia kidogo ukafika. Mimi kibali cha Hija sikuwa nacho. Gharib alikuwa nacho, nilikiona kwa macho yangu. Lakini akasema akiondoka mzigo utaibiwa, akakaa bandarini na kontena lake mpaka Hija ikaisha. Tukarudi China pamoja. Yeye alirudi na tende, kofia mpya, na maji ya Zamzam aliyoyanunua uwanja wa ndege.

Tulipofika Xiaobei watu walimkumbatia, wakamwita Alhaji. Nilikuwa nimesimama karibu yake, nikauona mdomo wake unafunguka aseme hapana. Wakati huo huo mteja mmoja akasema, basi miswala yangu yote mwaka huu nachukua kwa Alhaji, ina baraka. Mdomo ukafungwa. Haujafunguka mpaka leo. Ilham alipoandikishwa shule wakaandika Ilham Gharib Alhaji, likaingia kwenye pasipoti, na hapa chuoni Wachina wanadhani ndilo jina la ukoo wao tangu enzi na enzi.

Sijawahi kumwambia mtu. Si kwamba mimi ni mwema sana. Ila kuna maneno unayaweka kabatini, na mimi haya niliyaweka.

Ijumaa ikafika. Watu wametoka kusali, Gharib amefunga nusu ya mlango wa duka, kiyoyozi kinanguruma. Tulikaa juu ya miswala, mimi, Maulid kavaa kanzu ya kuazima, na Gaudence kavaa koti ambalo nadhani alilivaa mara ya mwisho siku ya kuagwa kwao. Kwa desturi binti haonekani kwenye posa yake, lakini duka halina chumba cha pili, kwa hiyo Ilham akakaa nyuma ya marobota tukajifanya hayupo. Gharib akamimina kahawa mwenyewe, na mkono wake wa kushoto haukuacha tasbihi.

Gaudence alianza vizuri, Mungu ampe anachostahili. Akaeleza safari za kuhiji za zamani, njaa ya njiani, majambazi, tawi la mtende. Akaeleza jinsi mtu alivyotoka John wa kawaida akarudi John Palmer. Gharib uso ukafunguka kidogo kidogo.

"Kwa hiyo Palmer ni Alhaji wao," akasema.

"Kwa namna fulani, mzee."

"Na jina likashuka kwa watoto."

"Likashuka kwa watoto mpaka leo."

Gharib akamtazama Maulid, na kwa mara ya kwanza hakutazama gundi. Akasema, mbona basi hili ni jina la watu. Nikaona tumeshamaliza. Nikaanza kumtazama Maulid kwa jicho la hongera, na hapo ndipo nikasikia Gaudence anakohoa.

"Hata hivyo, kwa uaminifu wa kitaaluma," akasema.

Nikamkanyaga mguu. Msomi hakanyagiki.

"Kwa uaminifu wa kitaaluma lazima niseme si kila aliyeitwa hivyo alifika. Walikuwepo waliozunguka na tawi mkononi miaka yote, wanalishwa na kulazwa bure kwa sababu ya lile tawi, na watu wa zama zile wenyewe waliwalalamikia. Tawi halikuwa shida kulipata. Kwa hiyo Palmer mmoja anaweza kuwa wa mtu aliyekwenda, na Palmer mwingine wa mtu aliyesema amekwenda. Baada ya kizazi kimoja hakuna awezaye kuwatofautisha. Mtoto anabeba jina, hajui lilipatikanaje."

Tasbihi ilisimama. Nilikuwa namtazama Gharib, na wallahi niliona rangi inamtoka usoni kuanzia kwenye kofia kushuka chini. Mchina wa duka la jirani akachungulia mlangoni, akaita laoban, bosi, akauliza kama kuna karatasi za kufungia. Gharib hakumsikia.

"Kumbe ni ukoo wa waongo," akasema.

"Si lazima, mzee, nimesema tu kwamba..."

"Mtu anajiita mwenda Hija na hakwenda." Sauti ilikuwa imepanda. "Anakula kwa jina hilo. Anaheshimiwa kwa jina hilo. Analala vipi mtu huyo? Anasimama vipi mbele ya Mola wake? Mimi binti yangu simpeleki kwenye jina la namna hiyo." Akatuambia sisi lile neno ambalo maduka yote ya mji huu huwatolea wasumbufu mlangoni. "Mei you. Hakuna. Posa yenu nimeirudisha."

Maulid aliinamisha kichwa. Hakubisha, hakuomba, alianza tu kubandua kipande cha gundi kwenye kanzu ya watu. Kile kitendo ndicho kilichonipandisha.  Nikasema moyoni, Gharib, wewe, wewe wa bandarini, wewe wa Zamzam ya uwanja wa ndege, unamkatalia mtoto huyu kwa dhambi ya Mwingereza aliyekufa kabla ya sabuni kuvumbuliwa? Nikasimama. Kabati nikalifungua kabisa, maneno yakawa yamefika kwenye meno.

"Alhaji Gharib," nikasema, "na wewe mwenyewe nikuulize..."

"Baba."

Ilham alikuwa ametoka nyuma ya marobota. Amejifunga ushungi wake, hana haraka, kavaa viatu vya hospitali anakofanya mafunzo, kwa sababu alitoka huko moja kwa moja. Akanitazama mara moja, jicho tu, nami nikakaa chini. Sijui kwa nini nilikaa. Sikaagi kirahisi hivyo.

"Baba, mahari ni haki yangu mimi, siyo?"

"Ni haki yako," Gharib akasema. "Lakini hapa hakuna posa tena."

"Nimesikia. Nataka tu niseme ningetaka nini. Ni ruhusa?"

Hakungoja jibu, akaendelea.

"Mimi mahari yangu nataka Hija. Si ya kwangu. Nataka Maulid afanye kazi ampeleke baba yangu Makka. Na akienda asichukue mzigo wowote, hata mswala mmoja wa kuuza. Aende na ihramu yake na dawa zake za presha."

 Gharib alifungua mdomo, nami ule mdomo niliukumbuka, niliwahi kuuona unafunguka namna ile.

"Mimi..." akaanza.

"Aende tena," Ilham akasema.

Nimekaa mji huu miaka, nimesikia watu wanabishania bei kwa Kichina, kwa Kifaransa cha Wakongo, kwa vidole, kwa vikokotoo. Sijawahi kuona mtu anaweka neno moja dogo mahali pake hivyo. Alimtazama baba yake moja kwa moja, bila ukali.

"Tena?" Gharib akauliza.

"Tena, baba. Ukitaka."

Gaudence akavuta pumzi, nikajua anataka kuuliza mzee amekwenda mara ngapi, kwa uaminifu wa kitaaluma. Safari hii nilimkanyaga kwa kisigino na uzito wangu wote, na Mwenyezi Mungu amenijalia uzito. Akanyamaza.

Gharib aliiweka tasbihi chini. Alikuwa anatazama rundo la miswala mbele yake, juu kabisa kuna ule wa kijani wenye picha ya Kaaba. Akaivua kofia, akapangusa kichwa kwa kiganja, akaishika kofia mapajani badala ya kuivaa. Sijawahi kumwona bila kofia. Ni mzee kuliko nilivyofikiri.

"Wewe kijana," akasema. "Ushafika Makka?"

"Sijafika, Alhaji."

"Utaweza kazi hiyo anayotaka huyu?"

"Itachukua muda, Alhaji. Lakini nitaweza."

"Basi tutakwenda wote wawili. Mimi peke yangu njia siijui vizuri." Akaipindua kofia mkononi. "Na usiniite Alhaji. Niite baba."

Maulid akamwangukia mkono, akaubusu, na gundi ikabaki kwenye kidole cha mzee. Mimi nilikuwa nalia, sifichi. Gaudence naye alikuwa analia, ila kwa sababu ya mguu.

Baadaye nilishuka ngazi pamoja na Ilham, yeye anarudi hospitali, mimi nakwenda kutafuta teksi. Nilikuwa nawashwa na swali. Nikamwuliza, mwanangu, umejuaje? Nani kakuambia? Nilikuwa tayari kuapa kwamba si mimi.

"Hakuna aliyeniambia, shangazi," akasema. "Nilipokuwa mdogo nilikuwa namwomba anisimulie Kaaba ikoje. Alikuwa anachukua mswala wa dukani, ananionyesha kwenye picha. Sasa kila kiwanda kinaichora kivyake, huyu mlango kulia, huyu mlango kushoto, mwingine hana mlango kabisa. Na kila mswala niliomwonyesha alikuwa ananiambia ndivyo ilivyo."

 Nikamfunga ushungi vizuri, nikamwambia awahi zamu yake.